Mpakato

Kesho Aichi anakuja kuchukua kompyuta yake,
na kioo chake, Mungu anisamehe,
kimeshika vumbi la Pasua la miezi miwili,
tone la mtori,
na vidole vya mama yangu.

Nimeizima. Nimechomoa waya ukutani.
Nimeiacha ipoe, kama uji wa mgonjwa,
maana kioo chenye joto hukausha maji kabla hujayafuta
na mabaka yakabaki.
Haya ni ya Kileo, fundi wa Double Road,
aliyejifunza kwa hasara:
runinga ya shemeji yake aliisugua kwa spiriti
ikatoka baka jeupe katikati,
na mpaka leo mtangazaji anasoma habari akiwa na mba.

Basi spiriti hapana. Sabuni ya unga hapana.
Karatasi ya chooni inajifanya laini; ni msasa uliooga.
Khanga ya jikoni ina pindo, na pindo lina mchanga.
Nimetwaa kitambaa cha miwani ya marehemu baba,
kilicholala kwenye kikasha miaka sita bila kazi.

Kioo kilipowaka sikuona kitu.
Sasa kimezimwa, nimekigeuzia dirishani,
jua la saa kumi linakuja kwa ubavu,
na kila alipogusa papo.

Alishuka kutoka Kibosho kunitajia ukoo.
Nikamwambia, wewe taja, mimi nachapa.
Akasema, nipe niishike.
Akaipakata,
(nikajua hapo kwa nini inaitwa mpakato)
akaipakata kana kwamba ina shingo isiyokaza bado,
na kila jina nililochapa alilihakiki kwa kidole
kilichomenya ndizi asubuhi,
chenye utomvu ambao hakuna sabuni iliyouweza:
huyu Ndemasi. Huyu Makiponya.
Huyu Elikunda, aliyeuza ng'ombe akanunua redio
na redio isishike kitu kule bondeni.

Upande wa kulia, chini kidogo ya katikati,
doa nene kuliko yote.

Nilikuwa nimeuliza tu, ili nipange mistari:
kabla yangu, mama, kulikuwa na mwingine?
Akanyamaza mpaka kioo kikafifia chenyewe.
Kisha akataja. Uforo.
Siku arobaini. Hana picha, hana cheti,
hana hata mgomba uliopandwa kwa jina lake.
Nikachapa herufi tano.
Akaweka kidole, hakukiondoa,
rangi zikayeyuka chini yake kama mafuta juu ya maji.
Ilikuwa niseme: usibonyeze, mama, kitaharibika.
Sikusema.
Wiki nzima, kila jioni, alinituma nifungue palepale.

Maji ya kunywa, matone mawili,
kwenye kitambaa, si kwenye kioo;
kamwe si kwenye kioo,
yakitelemka hadi ukingoni yanaingia ndani
na huko hayana mlango wa kutokea.
Kamua. Kamua tena,
mpaka kitambaa kiwe kinayakumbuka maji tu.
Mkono mmoja nyuma, uegemeze.
Mwingine upite juu kwenda chini,
polepole, bila kukandamiza.

Vumbi limetoka mara ya kwanza. Mtori, mara ya tatu.
Ndemasi ametoka. Makiponya ametoka.
Elikunda na redio yake.
Majina yenyewe yamo ndani, najua,
nimeyahifadhi mara mbili, na Kileo ananiwekea kwenye flashi.
Lakini flashi haina utomvu.

Nimezunguka lile doa kama mtu anayelima
akikwepa kaburi shambani.
Kisha nikalifuta.
Kompyuta ni ya watu.

Kitambaa sikukifua.
Nimekikunja, upande wenye doa ukiwa ndani,
nimekirudisha kwenye kikasha cha baba.
Hao wawili hawakupata muda wa kutosha.

Robo saa, alisema Kileo, kikauke kabla ya kuwasha.
Nimekaa kitandani, dirisha li wazi,
kioo cheusi, kisafi, hakina mtu.
Nimeipakata.